Isale la Bibi na Gauni Langu la Kipaimara

Enzi zetu usharika ukikaa bila mchungaji kila mtu alijua, na nadhani hata ng'ombe zizini walijua. Nimekulia Kirua Vunjo, kule juu ambako mibuni inajificha chini ya migomba na ukungu unashuka jioni bila kupiga hodi. Nawaandikia ninyi mliokulia mlimani kama mimi, mliovaa viatu vya Krismasi mpaka Pasaka ikawakuta vidole viko nje. Vijana wakitaka kusoma wasome, ila wasinikatize kila mstari kuuliza hiki ni nini.

Mwaka ninaoukumbuka, mchungaji wetu alihamishwa mara tu baada ya Krismasi. Ibada ya Krismasi alituongoza mwenyewe, kanisa likiwa limefurika ndugu waliopanda kutoka Dar, Arusha na Nairobi, wanaume na suti zao na watoto wao waliokuwa wakiogopa kuku. Tulikula machalari yenye nyama nyingi kuliko ndizi, jambo ambalo kwa mwaka mzima lilitokea mara moja tu. Wazee walikunywa pombe ya mbege nyuma ya nyumba ili mchungaji asiwaone, naye alipopita kusalimia alitazama mlima muda wote. Kisha magari ya wageni yakashuka, kijiji kikatulia, na mchungaji akapakia vitanda vyake kwenye lori kuelekea upande wa Rombo. Tuliimba mpaka lori likapotea kwenye kona. Kesho yake watu wazima wakaanza kuulizana nani anakuja, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka jibu. Nilikuwa nimemaliza mafundisho ya kipaimara, na kwetu kipaimara kilikuwa siku ya Pasaka. Mnaokumbuka mtakubaliana nami kwamba halikuwa jambo dogo. Siku hiyo ndiyo uliyoacha kukaa kwenye mkeka wa watoto mbele ya kanisa ukahamia kwenye benchi, ukakaribishwa meza ya Bwana, na nyumbani ukachinjiwa mbuzi. Katekisimu nilikuwa nayo kichwani yote. Gauni nalo lilikuwa tayari, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baba na mama walikuwa wakifanya kazi Tanga, na mimi na mdogo wangu Godlisten tulilelewa na bibi yetu, Bibi Ndeshi, mama yake baba. Baba alileta kitambaa cheupe wakati wa Krismasi, bibi akanipeleka kwa fundi Himo. Kila mwenye akili siku zile alimshonea mtoto nguo kubwa yenye pindo nene la kushusha. Fundi naye alipendekeza hivyo hivyo. Bibi alikataa, akasema mjukuu wake hatasimama madhabahuni amevaa gunia, na akamsimamia fundi mpaka gauni likanikaa sawasawa. Lilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba mwaka ule nilikuwa nikikua kama mgomba wakati wa masika.

Bila mchungaji hakuna kipaimara. Kama Pasaka ingepita, ningesubiri mwaka mzima, na darasa la mwaka uliofuata lilikuwa la Godlisten. Nieleweni vizuri: kupiga magoti pamoja na Godlisten, mtoto niliyekuwa bado namfuta kamasi kabla hatujaingia kanisani. Yeye alifurahi sana aliposikia uwezekano huo. Alianza kuniita mwanafunzi mwenzake, na nilimkimbiza kwenye migomba mara nyingi kwa ajili hiyo.

Kazi zote za usharika zilimwangukia mwinjilisti wetu, Mzee Aminieli, mtu mrefu mwenye baiskeli isiyo na breki. Kwenye mteremko alisimama kwa kuburuza viatu, ndiyo maana soli zake ziliisha upande wa mbele. Alihubiri, alizika, alitembelea wagonjwa, alipatanisha watu waliogombania maji ya mfereji. Mahubiri yake yalikuwa marefu na alipenda kurudia, lakini akikuombea ulitoka na nguvu. Kipaimara hakuwa na ruhusa ya kukitoa. Mchungaji wa usharika wa jirani alikuja mara moja moja kutugawia chakula cha Bwana, naye akasema wazi kwamba ana watoto wake wa kuandaa, sisi tumsubiri wa kwetu.

Basi tukasubiri, na nikisema ukweli nilikuwa na furaha nyingi katika kusubiri kule. Nyumba ya mchungaji haikuachwa ipoe. Wanawake walipeana zamu ya kwenda kuwasha moto jikoni mwake, kwa sababu nyumba isiyofuka moshi, walisema, inahamiwa na panya, na mchungaji mpya akikuta panya atajua tulikuwa hatumtaki. Zamu ya bibi ilikuwa Ijumaa. Tulifagia, tukawasha kuni, na kwa kuwa moto haukai bure, tukapika kiburu cha ndizi na maharage ya shamba la mchungaji mwenyewe. Wanawake walicheka mle jikoni kama wasichana. Bibi alishona mapazia mapya ya madirisha yote, meupe, yenye uzi wa buluu pembeni, akasema huyo mchungaji awe nani awe nani, atalala kwenye nyumba yenye heshima.

Kila Jumamosi nilivalishwa gauni kupimwa. Januari liliingia bila matatizo. Februari vifungo vya mgongoni vilianza kulalamika. Kwaresma ilipoanza bibi akanipunguzia mtori, akaniambia huu ndio msimu wa kufunga na mimi nifunge. Nilifunga, na bado nikaongezeka. Godlisten alisaidia kwa kula sehemu yangu.

Wazee wa kanisa waliandika barua kwa mkuu wa jimbo mjini Moshi, wakaandika tena. Jibu likasomwa na Mzee Aminieli katika matangazo: mchungaji amepatikana, atafika baada ya Pasaka. Watu waliitikia amina kwa sauti ya uchovu. Mimi niliyatazama magoti yangu, yaliyokuwa yameshatokeza chini ya gauni la kawaida, sembuse lile jeupe, na machozi yakanitoka palepale kwenye mkeka.

Baada ya ibada tulitoka uani kwenye mnada, mnaukumbuka, ule wa kuuza ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka. Katikati ya mnada, mkungu wa ndizi ukiwa bado haujapata mnunuzi, bibi akasema kwamba yeye ataenda Moshi mwenyewe, na ataenda na isale. Mwenye kunadi akashusha mkungu chini.

Wa mlimani sina haja ya kuwaeleza, lakini wajukuu zenu huenda hawajui. Isale ni ule mmea wa majani marefu tuliouotesha kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Ukimwomba mtu jambo zito, au ukimtaka radhi, unampelekea jani lake limefungwa fundo. Akilipokea, amekubali. Kulirudisha hakuna anayethubutu. Nimeona ndugu waliokuwa hawasalimiani tangu baba yao azikwe wakila sahani moja kwa sababu ya jani hilo.

Mzee mmoja wa kanisa alimjia juu. Alisema isale ni mambo ya jadi, huwezi kulipeleka ofisi ya kanisa. Bibi alikuwa amebeba mayai yake mawili aliyoyanunua mnadani, akamtazama bila haraka.

"Kwani isale amelipanda shetani?" akauliza.

Mzee Aminieli aligeuka kando akakohoa, na sisi watoto tuliokuwa karibu tuliona alikuwa anacheka. Hakusema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kwamba atamwombea bibi safari njema, na sote tukaelewa.

Siku ya safari tuliteremka mimi na bibi mpaka Himo, tukapata gari la Moshi. Yeye alikuwa na isale ndani ya kikapu, limefungwa kwenye kitenge, na chini yake limekunjwa gauni langu. Sikujua sababu mpaka tulipofika uani kwenye ofisi ya mkuu wa jimbo. Akanipeleka nyuma ya banda la kuni, akanivalisha. Kifungo cha juu hakikufika kabisa. Akaniambia nisivute pumzi mpaka tutoke, tukaingia.

Mkuu wa jimbo alikuwa mtu wa mvi, mpole, Mchagga kama sisi. Bibi alikuwa mkubwa kwake, naye akasimama kumwamkia shikamoo, akatupatia viti. Nilibaki nimesimama kwa sababu gauni halikuruhusu kukaa. Mkuu wa jimbo alieleza kwa upole kwamba mchungaji yupo, ana mambo ya kumaliza alipo, na wiki chache si nyingi kwa usharika. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitenge na kuliweka isale mezani, juu ya makaratasi yake.

Mkuu wa jimbo alilitazama. Mikono yake aliirudisha nyuma, kama mtu aliyewekewa chungu cha moto.

"Mama, hilo unaniwekea mimi?"

"Nimekuwekea wewe, mwanangu. Kama si lako, nipe nirudi nalo."

Nje mtu alikuwa akifagia uani. Nami nilikuwa siwezi tena kujibana. Nilivuta pumzi, na gauni likapasuka ubavuni, kuanzia kwapani mpaka kiunoni, kwa sauti ambayo naisikia hadi leo. Mkuu wa jimbo alinigeukia. Nilitamani sakafu inimeze. Alimwuliza bibi kama mimi ndiye wa kipaimara, bibi akajibu kwamba mwenyewe anaona, na kwamba mtoto huyu hatasubiri mpaka baada ya Pasaka, maana kukua kwake hakusubiri barua. Mkuu wa jimbo alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akanyoosha mkono akalichukua isale na kuliweka upande wake wa meza.

Mchungaji mpya alifika Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Mitende. Alikuwa kijana mwenye mke mwembamba na mtoto mchanga, na walipoingia jikoni walikuta moto unawaka. Mke wake alikaa kwenye kigoda akalia kidogo, akasema hajawahi kupokelewa hivyo. Juma lile lote mchungaji alitusikiliza katekisimu, na Pasaka asubuhi, kengele ikilia mpaka bondeni, tuliingia kanisani kwa mistari miwili.

Gauni langu lilikuwa limeongezwa kipande ubavuni. Bibi alikuwa ametafuta kitambaa cheupe kijiji kizima, na aliponishonea hakuniambia amekipata wapi. Niliona tu kina uzi wa buluu pembeni. Nilipiga magoti, mchungaji akaniwekea mikono kichwani, na nilihisi joto likishuka mpaka miguuni. Sijui niseme nini zaidi. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu.

Jioni mchungaji alikuja nyumbani kula mbuzi. Alibariki chakula, akaketi, akanitazama ubavuni, akamtazama bibi.

"Sasa nimejua pazia la jikoni lilikokwenda," akasema.

Bibi alimwongezea nyama. Dirisha lile lilikaa nusu wazi miaka yote ya utumishi wake, na alipoletewa pazia jipya alilikataa.

Mwaka huu usharika wetu hauna mchungaji tena. Nimestaafu, nimerudi Kirua, na mjukuu wangu Aikande anasoma hapa na anasubiri kipaimara kama nilivyosubiri mimi. Taarifa zote zinakuja kwenye kundi la simu la usharika, watu wanajibu kwa vidole gumba na mikono ya kuomba, kisha kila mtu anaendelea na yake. Nyumba ya mchungaji imefungwa kufuli. Nilipopendekeza twende tukawashe moto, kijana mmoja wa kwaya, mwenye suruali iliyochanika magotini kwa makusudi, aliniuliza kwa adabu zote kama hakuna dawa ya panya dukani. Gauni la Aikande ni la kitambaa kinachovutika, anaweza kukua mpaka awe bibi halitapasuka. Mama yake alipiga simu kutoka Dar akasema tusihangaike, Pasaka ikipita ataenda kubarikiwa kule, mbona makanisa yapo. Ni kweli yapo. Lakini benchi atakalokaa kule si lile nililohamia mimi kutoka kwenye mkeka, na hakuna atakayemjua kuwa ni wa nani. Iliniuma.

Jioni nilimsimulia Aikande habari hii yote, ya bibi na isale na ubavu wa gauni. Alisikiliza huku anabonyeza simu yake, akacheka pale pa kucheka, akauliza kwa nini bibi hakupiga picha ya jani akaituma. Nikajiambia basi, hawa watoto tumeshawapoteza, nikaenda kulala.

Asubuhi nilitoka na kisu kwenda mpakani mwa kihamba, kwa kuwa nilikuwa nimeamua nitaenda Moshi hata kama ni peke yangu. Nikakuta isale limeshakatwa, na pale lilipokatwa bado pabichi. Aikande alikuwa getini amevaa viatu vya shule, jani limefungwa kwenye kitenge changu.

"Bibi, twende mapema," akasema. "Gauni nimeshaliweka kwenye begi."