Chakula na Nguo

Mimi sikusoma ila chuo cha Kurani, juzuu chache, lakini mjukuu wangu wa kike ni mwanasheria, kasomea Bara Hindi, na Ibra nzima, mji wetu huu wa Omani, wanajua kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Kwa hiyo jirani yangu Mhindu alipofiwa na mumewe, na shemeji yake akaja kutoka Gujarati na karatasi ya kumtaka asamehe haki yake katika nyumba ya kule, nilimshika mkono nikamleta kwangu, nikamwita msichana huyo.

Jirani huyu kazaliwa Unguja kama mimi. Yeye akishona, mumewe akiuza vitambaa, na nyumba ile imejengwa kwa jasho la duka lao la hapa. Watoto hawakujaaliwa.

Mjukuu wangu akamwamkia, akamweleza taratibu. Sheria ya Wahindu, akasema, ina vitabu vya kale na wafasiri waliobishana, kama mashekhe wetu. Zamani mali ya ukoo ilibaki kwa wanaume. Mjane fungu lake chakula na nguo. Wakaja majaji wa Kiingereza, wakahukumu kwa vitabu vile kama walivyovifahamu wao. Baada ya uhuru Bunge la India likaiandika sheria upya.

"Mumeo hakuacha wasia, na mama mkwe wako kashakufa. Basi nyumba ni yako wewe, bibi, si ya shemeji."

"Umesikia?" nikadakia. "Usitie saini! Mimi fungu langu la mitende ya baba nimelidai. Kaka zangu wameninunia mpaka leo, na tende nakula."

Jirani akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya sari.

"Wewe shoga una nchi. Mimi ukaazi wangu hapa ulikuwa kwa jina la mume. Ukiisha naondoka, na pa kwenda ni nyumba ile ile, wanamokaa wao. Nikikataa, nani atanifungulia mlango?"

"Polisi," akasema msichana.

"Watanifungulia siku moja, mwanangu. Na kesho yake?"



Shemeji alipoingia kumfuata, sikumtilia kahawa. Hapa kwetu hilo ni tusi kubwa, na yule mtu hakujua hata kama katukanwa. Alikaa, akamnyooshea kalamu. Jirani yangu akatia saini, polepole, kama anayepiga pindo.

Kaondoka kwenda Gujarati kabla ya mwezi wa Ramadhani. Alipopiga simu, alisema kwa Kiswahili, kina shemeji wasimfahamu.

"Wamenipa chumba cha chini ya ngazi, shoga. Juu wamepangisha."

"Wanakutazama lakini?"

"Kula nakula. Na nguo wananipa."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mjukuu wangu alikuwa akipiga pasi joho lake la mahakamani. Akaizima pasi, akatoka nje.