Miche Isiyotajwa Idadi

"Wewe mama yako alikuhesabu, ama alikujua?"

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliulizwa swali hilo katikati ya kitalu cha miti pale mtaani Wabera, watu wakisikia, nami nina shahada yangu.

Ilikuwa baada ya ule ukame mkubwa wa miaka ya themanini. Familia zilizopoteza mifugo zilitoka Sericho na kwingineko zikaja mjini, na mradi mmoja ukaanza kuwafundisha kazi ya miti: kuchanganya udongo, kuotesha mbegu, kuzungushia ua wa miiba mbuzi wasiingie. Aliyefuzu aliandikwa kazi. Mimi mwalimu wao nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, mbishi asiyekubali neno la mtu. Niliuliza kwa nini mbegu zilowekwe, kwa nini wazee waongee kwanza. Kitu kimoja tu sikukihoji: fomu niliyopewa ofisini.

Siku ya mtihani kila mmoja alisimama kwenye tuta lake akataja miche mingapi ni mizima, mingapi imekufa. Ikafika zamu ya Talaso, mama mzee wa Kiborana aliyelea wajukuu wanne yatima. Sote tulimwita Akko, yaani nyanya. Nikamwuliza miche yake ni mingapi.

"Wazima wako. Wagonjwa wako."

Nikarudia swali. Akarudia jibu lilelile. Nikaona anaficha iliyokufa, nikakata jina lake kwenye orodha ya waliofuzu. Ndipo aliponiuliza lile swali, kwa sauti ya chini, bila hasira.

Kesho yake asubuhi nikamkuta anamwagilia. Nikamwambia, "Akko, si ulikatwa?"

"Nimekatwa mimi. Kiu yao haijakatwa."

Mzee Warsame, msimamizi wa kitalu, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanivuta kando. "Binti, mfugaji hahesabu kwa mdomo kitu kilicho hai. Ni kama kukiitia kifo. Wewe huuliza kila mtu sababu, isipokuwa hiyo karatasi yako."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti kando ya tuta, nikamwomba Akko anieleze habari za miche yake. Akanionyesha mmoja mmoja. Huyu aliinamishwa na upepo, ameanza kuinuka. Huyu mizizi imetoboa mfuko, anataka kuhama. Hapa palikuwa na mmoja, mchwa wakamla, kwa hiyo wenzake amewazungushia jivu. Jivu hilo, mwanangu, halikuwemo katika masomo yangu.

Nikaenda ofisini. Mkubwa akasema orodha imeshapigwa chapa. Nikamwambia apige nyingine, na kama jina la Talaso halimo, langu nalo lisiwemo. Alifikiri natania. Nilisimama mlangoni mwake mpaka adhuhuri, miguu ikawaka moto, na orodha nyingine ikapigwa. Kundi lililofuata, somo la mchwa lilifundishwa na Talaso, nami nilikaa chini pamoja na wanafunzi nikiandika.

Siku hizi kila mtu anazungumzia kazi za kutunza mazingira, na vyeti vimekuwa vingi. Sikukatazi kuhoji, mimi mwenyewe na uzee huu sijaacha ubishi. Ila anza na karatasi iliyo mkononi mwako. Asiye na cheti si lazima awe hana ujuzi, na ujuzi hauna ukongwe. Ukimkosea mtu riziki yake, usiishie kuona haya. Rudi ukarekebishe, mchana kweupe, hata kama ni kwa kung'ang'ania mlango wa mkubwa. Mungu akupe magoti mepesi kupigwa, mikono isiyodharau udongo, na amani nyumbani mwako.

Talaso alishatangulia mbele ya haki. Nilikuwa na mvi tayari mjukuu wake aliponiambia kwamba nyanya yake aliwahi kuhesabu, mara moja tu. Mwaka ule wa njaa, mgawaji wa chakula cha msaada alimtaka ataje idadi ya ng'ombe wake ndipo apewe unga, naye akataja. Mvua iliporudi hakuwa amebaki ng'ombe hata mmoja.