Saini Nilizozizuia

Dada yangu alinipigia simu kutoka Katy, kitongoji cha Houston, akaniambia Baba ameacha kula, na kwamba yeye mwenyewe amechoka. Dada ni nesi, akisema amechoka ujue amechoka kweli. Mzee alikuwa ameishi kwake miezi minane, katika nyumba yenye vyumba ambavyo haviingiwi na mtu, kwenye mtaa ambao ukitembea kwa miguu majirani wanakuchungulia dirishani. Dada na mumewe walitoka alfajiri kuwahi barabara kuu na kurudi jua likizama. Baba alibaki na televisheni. Kwanza aliacha kutoka nje, halafu akaacha kuongea, halafu ndiyo hicho chakula. Dada akataja nyumba ya wazee. Nilimjibu kwa ukali kwamba amlete kwangu, kana kwamba kwangu Haltom City, karibu na Dallas, kulikuwa na cha maana. Kulikuwa na vyumba viwili na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Kilichomwinua ni ziwa. Sitalitaja jina, halina faida tena. Liko kati ya Dallas na Houston, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu, na kandokando yake lilikuwepo pori ambalo serikali ya jimbo ililikodi kutoka kwa kampuni moja na kulifungulia umma. Asiyeishi Texas hawezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Huku unaendesha gari nusu siku na seng'enge iko kulia kwako na kushoto kwako. Karibu kila pori lina mwenyewe. Mahali ambapo mtu asiye na shamba wala rafiki mwenye shamba anaweza kuingia na fimbo ya kuvulia au bunduki yake ni pa kutafuta kwa tochi. Nilimkatia Baba leseni ya wazee, nikajikatia na yangu, tukaenda kuvua kambare.

Lazima niseme Baba alikuwa nani. Alikuwa mwindaji, mtoto wa mwindaji. Pori alilofundishwa na babu lilifanywa hifadhi mimi nikiwa na miaka saba. Tuliambiwa tuhame, tukachelewa, nyumba zikachomwa. Baba alirudi humo kututafutia kitoweo, akakamatwa akiwa na digidigi mmoja, akafungwa miaka miwili. Walimpiga mbele ya mama kabla ya kumpandisha gari. Mimi nilikua nikijua kwamba bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, ni mtu wa kumkimbia, na kwamba wakubwa wakianza kulisifia pori lako, anza kufunga virago.

Sasa, safari yetu ya tatu ziwani, bwana nyama wa Texas akatokea kwa boti, ana sare na bastola kiunoni. Baba aliangusha fimbo yake, akapiga magoti kwenye matope, akainua mikono. Yule bwana alishtuka kuliko sisi. Alimsihi ainuke, akasoma leseni, akachungulia ndoo, akamtakia siku njema na kuondoka zake. Baba alibaki palepale kwenye matope akicheka huku machozi yanamtoka. Njia nzima ya kurudi aliongea, mzee ambaye hakuwa ameniambia maneno kumi tangu aje. Jioni ile alikula ugali na kambare akaomba aongezwe.

Tukawa watu wa huko kila Jumamosi, na huko ndiko tulikowapata wale wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Kizungu, mwindaji, mwenye pikapu iliyobandikwa vibandiko vya chama chake mpaka huoni kioo cha nyuma. Wa pili alikuwa Mmarekani mweusi, dereva wa basi aliyestaafu, mvuvi, ambaye chama kile alikiita kwa majina nisiyoweza kuyaandika. Walikuwa wamewekeana sharti: siasa isitajwe mpaka samaki wote wawe wamepasuliwa. Basi walipasua polepole sana. Siku moja Mzungu alimjeruhi kulungu akampoteza vichakani, na Baba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa salamu tu, alimshika mkono akamwongoza kwenye damu na majani yaliyolala, mpaka wakampata. Kuanzia hapo yule mzee alimvulia Baba kofia kila walipokutana.

Mwaka wa pili, Jumapili moja ambayo Dada alikuwa amemchukua Baba kwake kwa wikendi ampime presha, wale wawili walitokea kanisani kwetu. Walikuja ndani ya pikapu moja, ile ya vibandiko, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Kanisa letu ni la Wakongo, Warundi na Watanzania, na nusu ya wanaume wa pale walikuwa wavuvi wa ziwa lile. Wageni waliniomba nitafsiri. Walieleza kwamba kampuni inaiuza ardhi kwa mjenzi wa majumba na uwanja wa gofu. Wavuvi na wawindaji wa vyama vyote wamekusanyika kuwaomba makamishna wa kaunti waiunge mkono serikali ya jimbo iinunue na kuihifadhi milele. Walihitaji saini za watu wanaoitumia.

Maneno niliyaelewa vizuri, sikuyaamini tu. Niliwatazama watu wawili wasiopatana hata juu ya hali ya hewa, wameshika karatasi moja, nikajiambia hawa wameshagawana, na sisi ndio tutakaotolewa nje. Nilitafsiri kila walichosema. Halafu, kwa Kiswahili, huku nikitabasamu ili wageni wasishtuke, niliongeza langu.

"Wanataka kupafanya hifadhi. Hifadhi mnaijua. Mimi kwetu ilitutoa, na jina langu siandiki."

Mama mmoja wa Kikongo aliyeketi mbele akaguna, akiiita hifadhi kwa Kifaransa, "Parc? Non. Kule kwetu parc ilituchomea manyumba." Mambo yakaishia hapo. Karatasi ilizunguka viti vyote ikarudi na saini tatu, za vijana wasiojua walikotoka wazazi wao. Wale wazee waliwashukuru watu, wakala wali, wakaondoka. Nilijiona shujaa. Niliwahi hata kumsimulia Dada kwenye simu jinsi nilivyowashtukia Wamarekani.

Wiki tatu baadaye nilikuwa peke yangu ukingoni na yule dereva wa basi. Nikamuuliza, kwa ujanja wangu, pakishahifadhiwa ni nani watakaoruhusiwa kuingia. Aliacha kukunja mshipi wake akanitazama.

"Wewe," alisema. "Baba yako. Ndiyo maana ya haya yote. Unadhani mimi napanda lile gari kwa sababu gani?"

Nikamwuliza kama karatasi bado ipo. Ilikuwa imeshapelekwa.

Siku ya kikao cha makamishna sikuomba ruhusa kazini, nilitoroka tu. Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza watu wa kanisani waje. Lakini ilikuwa Jumanne asubuhi na wao wapo kwenye maghala na viwanda vya kuku, na isitoshe nani angenielewa? Mwezi uliopita nimewatisha, leo nawasukuma. Mmoja aliniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Nikaenda peke yangu, kama mwizi.

Ukumbi ulikuwa na watu wa kofia za chama hiki na fulana za chama kile, wameketi mchanganyiko, na kila aliyesimama alisema karibu kitu kilekile: mahali hapa nilimfundisha binti yangu kuvua, mahali hapa siombi ruhusa kwa tajiri yeyote. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha kamishna mmoja akaifunua ile orodha akasema ni fupi, na waliomo karibu wote ni wawindaji wazee wachache. Mbali na hao, akauliza, nani hasa anapatumia?

Nilisimama. Nilisema wapo wengi, ni watu wa kwetu, huja na familia zao kila mwisho wa juma. Akauliza, kwa upole kabisa, mbona hawamo humu.

"Mimi ndiye niliyewakataza," nilisema.

Sikuweza kueleza zaidi. Ningeanzia wapi, kwenye nyumba zilizochomwa au kwenye digidigi? Nikakaa. Walipopiga kura, ombi lilishindwa kwa kura moja.

Nje nilingojea nitukanwe. Mzungu alinishika bega, akaenda kukaa ndani ya pikapu yake. Dereva wa basi alisema pengine tungeshindwa tu, pesa zilikuwa upande wa pili. Pengine. Nimelitafuna neno hilo usiku na mchana na halijawahi kushuka. Halafu Mzungu alifungua kioo akasema jambo kuhusu gavana, mwenzake akamjibu, na wakaanza kutupiana lawama za vyama vyao palepale kwenye maegesho, kwa sauti kubwa, jambo ambalo sikuwahi kuwaona wakilifanya. Niliwaacha wakigombana. Sijawaona tena pamoja.

Baba sikumwambia. Jumamosi iliyofuata nilimwambia gari lina hitilafu, iliyofuata nikasema nina kazi. Ya tatu alivaa viatu vyake mapema akakaa mlangoni, na sikuwa na uongo mwingine. Nikamwendesha saa mbili, nikijua ninakompeleka, nikiomba geti liwe halijafungwa.

Lilikuwa na mnyororo mpya. Baba alishuka, akaushika, akatazama ndani mpaka kwenye maji. Hakuonyesha kushangaa, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wametutoa tena," alisema. Kisha akanigeukia. "Safari hii ni akina nani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu Haltom City, sentensi moja tu, na mzee huyu angenisamehe au asingenisamehe lakini angejua.

"Matajiri, Baba. Wanataka kujenga majumba."

Alitikisa kichwa taratibu. Aliona uso wangu umeharibika, akadhani ni uchungu wa pori, akaja akanifuta machozi kwa kiganja chake kama nilipokuwa mdogo.

"Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Wewe ungefanya nini?"

Siku hizi uji anaacha nusu bakuli. Dada ameanza tena kuulizia nyumba ya wazee, na mimi bado sijamjibu Baba.