Muuaji Kwenye Majina ya Mwanzo

Nina kero moja ambayo imewachosha hata ndugu zangu. Nikiwa naangalia filamu na mtu, halafu akabonyeza kitufe cha kuruka majina ya mwanzo, naudhika kama niliyenyang'anywa sahani kabla ya kumaliza kula. Wananiambia ni majina tu, nani ana haja nayo. Nawajibu kwamba kwenye filamu ya taharuki, kazi ya kumshika mtazamaji inaanzia palepale, wakati majina yanapita. Unaonyeshwa ufunguo bila mlango. Unasikia mtu anakohoa chumba cha pili. Unaona picha ya familia inakatwa kwa mkasi, na huambiwi anayekata ni nani. Hujajua lolote, lakini swali umeshapewa, na swali hilo ndilo litakalokukalisha mpaka mwisho. Nikifika hapo huwa wameshaniacha, wanaangalia filamu yao.

Mimi ni mhariri wa picha za video. Kibanda changu kiko Msamvu, nyuma ya stendi, na kinachoniweka mjini ni harusi na kipaimara. Harusi haina swali. Kila mtu anajua nani anamuoa nani. Kwa hiyo rafiki yangu, mwongozaji ambaye tulianza naye kazi hizi, aliponiletea filamu ya taharuki aliyoipiga huko juu Uluguru, nilifurahi sana, nikawaambia maharusi wasubiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnunuzi wa karoti kutoka mjini anakutwa amekufa shambani, kwenye kijiji cha wakulima wa mboga. Wanashukiwa wote isipokuwa mama mmoja mpole, anayewapikia uji polisi waliokuja kuchunguza. Mwishoni kabisa ndipo inajulikana kwamba muuaji ni yeye.

Mama huyo aliigizwa na mkulima wa kweli wa kijiji hichohicho, mtu mzima, mwanajumuiya mzuri wa kanisani, hajawahi kuigiza maishani mwake. Onyesho la mauaji walilipiga alfajiri, shambani kwake, mbali na macho ya watu, na waliokuwepo wakaapa kutosema. Kijiji kizima kiliigiza bila kujua muuaji ni nani. Walimuuliza mama kisimani, wakamuuliza kwenye jumuiya, yeye anacheka tu. Siku niliyopanda kwenda kuongeza picha chache, aliniambia ana hamu ya kitu kimoja: kukaa ukumbini na majirani zake, na mwisho wa filamu wote wamgeukie kwa mpigo. Alisema hivyo huku amefunika mdomo kwa khanga, kama msichana. Nikamwahidi kwamba kazi yangu ni kulinda siri hiyo.

Masika yale mume wake akaugua, akafariki. Tulipanda kumzika, njia yote utelezi, tukashikilia migomba ili tusianguke. Nilidhani filamu imekufa. Lakini arobaini ilipopita mama akatuma salamu kwamba tuendelee.

Basi nikatengeneza ule mwanzo. Giza. Maji ya mto yanasikika. Inatokea mikono inaosha karoti, jina moja linapita. Mikono mingine, jina jingine. Mikono ya vijana, ya wazee, yenye pete, yenye sugu. Halafu mikono ya mwisho, karoti zimeshaisha, kapu limeshajaa, yenyewe bado inajisugua chini ya kucha. Hakuna uso hata mmoja. Nilipoiangalia imekamilika, vinyweleo vilinisimama, mimi mwenyewe niliyeitengeneza.

Mwongozaji aliiangalia mpaka mwisho, kisha akauliza nyuso ziko wapi.

Nilijua anachokitaka. Filamu zetu nyingi zina desturi yake ya kuanza. Kila mwigizaji anatolewa na jina lake, kwenye onyesho lake kali kuliko yote. Wa kulia analia, wa kupigana anapigana, wa kufa anakufa. Zinafuata shukrani kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mwenye gari, kwa familia iliyopika ubwabwa. Mwanzo ukiisha, filamu umeshaimaliza. Nikamuuliza, sasa tunawakalisha watu saa nzima na nusu wakitafuta nini?

Yeye amekulia Dumila, mama yake aliuza vitunguu pale barabarani, na jibu lake lilitoka huko. "Mteja hanunui gunia bila kulifungua aone," akasema. Nikamwambia filamu si gunia la vitunguu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamsihi: waonyeshe wote, lakini mama yule muache. Akanijibu, "Sawa, nimekuelewa." Ningekuwa na akili siku ile ningejua kwamba mtu akikujibu hivyo, mazungumzo yameisha na yeye ana yake.

Filamu ilionyeshwa kijijini, Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia. Madirisha walikuwa wameyafunika kwa mablanketi. Nilimkuta mama benchi la mbele, amevaa kitenge kipya, majirani wamemzunguka. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono na kunibana vidole, maana yake leo ndiyo leo.

Kisha filamu ikaanza, na ule mwanzo wangu wa mikono haukuwemo. Mwongozaji alikuwa amempa mhariri mwingine atengeneze mwanzo bila kuniambia. Ikapigwa ngoma kubwa, steringi akatokea anakimbia, polisi akatokea anafyatua bunduki. Halafu uso wa mama ukajaa ukuta mzima, ameinua jembe juu ya mnunuzi wa karoti, na jina lake chini kwa maandishi mekundu.

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Walimgeukia wote kwa mpigo, kama alivyotaka, ila filamu yenyewe ilikuwa haijaanza. Kuanzia hapo, kila alipotokea anawagawia polisi uji, watoto waliwapigia kelele polisi wasinywe. Ule mwisho, ambao nilikesha nao nikiupima pumzi kwa pumzi, ulipofika, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Watu walikuwa wamekwenda kuwasha moto wa kupikia. Mama aliangalia mpaka jina la mwisho.

Nilimfuata nje. Nilitamani agombe, anitukane hata, nipate pa kushika. Hakugomba. Nikaanza kumweleza kwamba niliyoitengeneza mimi siyo ile, na akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Marehemu mume wangu aliniuliza kila siku muuaji ni nani," akasema. "Hata alipokuwa hawezi kuinuka aliniuliza. Nikamwambia, wewe pona kwanza, utaona na wenzako."

Akajifunga khanga vizuri.

"Kumbe lilikuwa jambo la kusema tu, mwanangu."

Nilirudi ndani kukunja nyaya. Mwongozaji akaja ametabasamu, akanipiga begani, akaniuliza kama nimesikia watu walivyoushangilia mwanzo.