Toa Pumzi Kwanza, Kisha Ujibu

Niliikanyaga kofia ya mwenyekiti. Sikuteleza, nilikusudia. Niliinyakua mkononi mwake, vikaratasi vya kura vikamwagika, nikaitupa matopeni na kuikanyaga, mtoto akilia mgongoni.

Tulikuwa kwenye ghala la mzungu aliyetuuzia shamba, upande wa Turbo. Wanachama wa ushirika tulichanga mpaka tukalinunua, na siku hiyo kila mmoja alikuwa akitia mkono kofiani kuchomoa kikaratasi chenye namba ya kipande chake. Mume wangu alikuwa kazini Nakuru, kwenye reli, akanituma badala yake. Nikatoa kipande cha kando ya mto. Mwenyekiti, ambaye ndugu yake alikuwa ameangukia kipande cha mawe matupu, akakohoa.

"Kura ya huyu mama haihesabiki. Bwana yake hayuko. Tutarudia."

"Na ya ndugu yako, mzee, mbona hairudiwi?"

"Mama, nyonyesha mtoto. Haya ni mambo ya shamba."

Ndipo kofia ikaenda chini. Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akaiokota, akaipangusa taratibu.

"Mnaona? Huyu mkimpa mto, atatuzamisha."

Wakakubali. Kipande changu kikawekwa kando kingoje mkutano mwingine. Haki ilikuwa yangu, na mimi mwenyewe nikawapa sababu ya kuninyima.

Jioni nikaketi kukamua, bado nina hasira. Ng'ombe akakataa kuachilia maziwa. Nikavuta, akapiga ndoo teke. Mama mkwe alikuwa amemshika ndama.

"Unapumua kama garimoshi linapanda mlima wa Timboroa," akasema. "Hata mimi ningekunyima."

"Mama, wanatunyang'anya shamba na wewe unacheka?"

"Nilie ndiyo maziwa yatoke? Weka paji la uso ubavuni mwake. Toa pumzi. Hapana, yote. Sasa mngoje. Akivuta, vuta na wewe."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini ule ubavu ulikuwa na joto, unapanda na kushuka bila haraka. Toa, ngoja, vuta. Hasira haikuondoka, wala sikutaka iondoke. Iliketi tu, kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Maziwa yakaanza kugonga ndoo, na mimi, kichwa kikiwa pale pale, nikakumbuka jambo: kuna wanaume wawili ambao pia hawakuwa ghalani siku ile. Ndugu zao waliwatolea kura, na hakuna aliyekohoa.

Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu ghalani. Sikuliona kwa kelele zangu mwenyewe.

Tangu hapo nikajizoesha. Mtoto akitema uji, natoa pumzi. Kuni zikikataa kushika, natoa pumzi. Jirani mmoja akanipigia kelele njiani, "Mama Kofia!" Nikatoa pumzi yote, nikavuta, nikamuuliza kwa upole, "Na yako umeiacha wapi?" Akajishika kichwa, hana kofia. Siku hizo hata kulala nikaanza kulala vizuri.

Kabla ya mkutano kufika, nikaenda Eldoret, kwenye ofisi ya mashamba. Karani, kijana wa rika langu, hakuinua macho.

"Bwana yako yuko wapi?"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Toa. Ngoja. Vuta.

"Nakuru, kazini. Mimi niko hapa."

"Basi aje mwenyewe aseme."

Toa. Yote.

"Ndugu yangu, mimi nimesoma mpaka kidato cha pili. Kama mkono wako umechoka, nipe kalamu niandike."

Benchi nzima ya waliokuwa wakingoja ikacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Karani naye akajaribu kujizuia, akashindwa. Akavuta karatasi.

"Haya, mama. Sema polepole."

Nilisema, akaandika, akanisomea, nikatia sahihi:

"Nilitumwa na mume wangu, ambaye ni mwanachama, kumtolea kura. Nilipata kipande cha kando ya mto mbele ya watu wote. Mwenyekiti ameikataa kura hiyo kwa kuwa mume wangu hakuwepo. Wanachama wengine wawili hawakuwepo, wakatolewa kura na ndugu zao wa kiume, na vipande vyao wamepewa. Naomba ofisi imuulize mwenyekiti tofauti ni nini, na ajibu mkutanoni, mbele yangu. Naomba pia kipande hicho asipewe mtu yeyote kabla hajajibu."