Kona ya Upande wa Dirishani

Treni ilianguka mara saba jioni ile, na mara zote saba ilianguka palepale, kwenye kona ya upande wa dirishani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa, nahesabu. Mtaalamu wa mashine, Mzungu niliyemfanyia kazi za ndani, alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Mtu mzima, anayeamrisha mashine za kuvunia ngano zenye ukubwa wa nyumba, ameshindwa na treni ya umeme yenye mabehewa ya urefu wa kidole.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Alipangusa reli kwa spiriti. Alipunguza mwendo. Behewa la nyuma akaliweka mbele, la mbele akaliweka nyuma. Akapima magurudumu, moja baada ya jingine. Treni ikafika konani, gurudumu likapanda juu ya reli ya nje, ikalala ubavu. Mwishowe akageuka akanitazama.

"Wewe umegusa?"

"Sijagusa, bwana."

"Hakuna mtu mwingine anaingia chumba hiki."

Jumamosi wakubwa wa shamba wangekuja kumuaga na kuiona hiyo treni, na Jumatatu angeondoka kurudi kwao. Nyumba ingepewa mtaalamu mwingine, na sisi wa kazi za ndani tulibaki tu kama anayeondoka ametuachia barua ya kutusifu. Bila barua ningerudi kijijini Gitting kwa kaka yangu, ambako nilikuwa nimekaa mwaka mzima baada ya ndoa kunishinda. Wifi yangu alinihesabia hadi vijiko vya uji. Nilimwogopa yule mwanamke kuliko nilivyomwogopa Mungu, na nasema hivyo bila aibu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyegusa nilimjua. Alikuwa yeye mwenyewe. Meza ile iliundwa karakanani kwa mbao mbili pana zilizofungwa pamoja kwa bolti, na kiungo cha mbao kilipita chini ya kona hiyohiyo. Wiki iliyotangulia, upepo wa mavuno ulipoingiza makapi chumbani, aliikokota meza peke yake kuitoa dirishani. Mbao ziliachana kidogo, akazisukuma zikarudi. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini ningemwambiaje, mimi ninayempigia deki?

Ijumaa asubuhi, alipokwenda mashambani, nilimfuata mzee mlinzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Ukiona gari lake, nigongee geti kwa nguvu." Nikamweleza ninachotaka kufanya.

"Akikukuta umeishika, umekiri," akasema. "Hata kama umeitengeneza."

"Na nisipoishika?"

Alichukua rungu lake akaenda getini.

Nilipitisha ukucha juu ya reli polepole, kama tunavyoupitisha kwenye mdomo wa chungu kutafuta ufa kabla ya kununua. Ukateleza, ukateleza, halafu ukakwama. Ncha ya reli ya nje ilitakiwa iingie ndani ya kibati kidogo kinachoiunganisha na mwenzake. Haikuingia. Ilikuwa imepanda juu ya kibati, ikafanya kituta chembamba kuliko punje ya ngano. Nilicheka peke yangu, kisha nikaogopa kicheko changu.

Kwa ncha ya kisu cha jikoni niling'oa kijimsumari kilichoshikilia reli, nikakibana kwa midomo nisikipoteze. Reli ilikataa kuingia mara ya kwanza, ikakataa ya pili. Ya tatu ikaingia. Jenereta haikuwashwa mchana, kwa hiyo nililisukuma behewa kwa kidole, likapita konani kimya. Nilikuwa sijarudisha msumari geti lilipogongwa.

Nilikimbilia jikoni. Akaingia nyuma yangu.

"Leo umewahi kusafisha jikoni?"

Msumari ulikuwa juu ya ulimi. Nikatikisa kichwa kukubali, nikainama kwenye sinki kama mwenye kazi nyingi. Mkubwa wangu ananisemesha na mimi simjibu. Mama yangu angeniona angelia. Alichukua kikombe cha maji akaondoka. Hakutoka tena nyumbani hadi usiku, na kesho yake alifunga chumba cha treni kwa ufunguo, nikakosa nafasi ya kuurudisha.

Kwa hiyo Jumamosi jioni reli ilikuwa na upungufu wa msumari mmoja, na mimi tu ndiye niliyejua. Wageni walijaa chumbani. Akawasha. Treni ikaizunguka meza, ikaikaribia kona, nami nikafumba macho. Nilisikia makofi. Ikapita tena, na tena.

"Ilinisumbua wiki nzima," akawaambia wageni. "Niliondoa vumbi, sasa iko sawa."

Jumatatu alfajiri alinipa barua. Ilikuwa ya Kizungu, akanitafsiria mwenyewe, akitabasamu: "Anapika vizuri. Ni mwaminifu. Kwa miaka miwili hajagusa kitu kisichomhusu."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, bwana. Asante."

Nilibaki na kazi miaka minne zaidi kwa barua ile, na maneno yake sikuyapenda hata siku moja. Asubuhi hiyo, gari lake lilipotoka getini, niliosha vikombe vyake sita kwa hasira hadi kimoja kikavunjika mkononi. Nikakifukia kwenye majivu, na mtaalamu mpya alipokuja kuhesabu vyombo, nikamwambia vikombe vilikuwa vitano tangu mwanzo.