Kocha Clifford na Redio ya Nyumbani

Kocha Clifford hulinda geti la ghala moja kule Jebel Ali, huku Uarabuni, kwa saa kumi na mbili kila siku, akiwa wima, na akirudi chumbani kwetu Al Baraha bado ana nguvu ya kupanga chupa za maji sakafuni. Nne nyuma, nne katikati, mbili mbele. Mimi Faustine, mpishi wa mkahawa, ndiye ninayelazimika kuziruka nifike kitandani.

Miaka minne iliyopita alikuwa kocha wa timu ya mpira ya Chuo cha Ualimu cha Kithaene, kwao Meru. Akiusimulia uwanja ule, sauti yake hulainika. Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama, na mpira ukitoka upande wa chini mliufuata mpaka kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Mechi ikiisha, wanachuo walikunywa chai bwaloni wakiwa na matope magotini, wakiimba jina lake. Nimesimuliwa hayo mara nyingi hata nimeanza kuukumbuka uwanja huo, mimi ambaye Meru sijawahi kufika.

Aliyemponza ni Isaiah, mtangazaji wa michezo wa redio ya hapo kwao. Timu ikishinda, Kocha hana mfano. Ikifungwa wiki inayofuata, Kocha amekalia kuti kavu, eti duru za kuaminika zimesema. Duru hizo hazikuwahi kuwa na jina. Timu ilipopoteza fainali kwa penalti, Isaiah akatangaza kwamba chuo kinasaka kocha mpya. Mkuu wa chuo hakuwa na wazo hilo hata kidogo. Alilipata redioni kama wasikilizaji wengine, akalitekeleza. Mwezi uleule Kocha akafungasha virago, akaja huku.

Na bado anamsikiliza! Kila Jumamosi lazima aifungue redio ileile kwenye simu. Hunikera sana.

Mwezi uliopita mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha. Msimamizi wao akampa hadi Jumatatu saa sita mchana: asaini miaka miwili mingine, au akatiwe tiketi ya kurudi. Jumamosi Isaiah akatangaza kwamba timu ya chuo iko hoi, na chuo kinataka kumrudisha Clifford, kocha aliyeondolewa kimakosa.

"Kimakosa!" nilifoka. "Si yeye ndiye aliyekuondoa?"

"Bro, wananitaka. Umeskia mwenyewe."

"Wamekupigia?"

"Watapiga tu, inshallah."

Wanafunzi wake wa zamani, walimu siku hizi, wakaijaza simu yake pongezi. Jumapili aliifua suti yake ya michezo, akaianika dirishani, akanieleza nani atamchezesha winga. Vijana aliowataja walishahitimu zamani. Sikumkumbusha. Nilimwonea huruma, na niseme kweli, nilimwonea wivu pia, maana kuitwa nyumbani si jambo dogo.

Jumatatu nilikuwa na mapumziko, nikamsindikiza ofisini kwao. Ilipobaki nusu saa, msimamizi alianza kugonga meza kwa kalamu, yalla, yalla, yaani tuharakishe. Hapo simu ikalia. Namba ya Kenya. Kocha alisimama, akaweka sauti juu ili nami niisikie habari njema.

"Kocha! Ni Isaiah wa redio. Nilitaka tu uniconfirmie, ni ukweli unarudi? Chuo wanasema hawajui kitu."

Nilitamani kumnyang'anya simu nimtukane mtu yule. Kocha mwenyewe hakukasirika. Alikaa chini taratibu.

"Isaiah," akasema, "mimi nimeskia kwako."

Kocha akavuta karatasi ya mkataba, akasaini, akamrudishia msimamizi kalamu yake. Nikadhani sasa atakata simu.

"Hiyo ni mvua naskia huko?" akauliza.

"Eeh, Kocha. Imenyesha tangu asubuhi. Hii mabati ina kelele sana, pole."

"Usikate," Kocha akasema. "Na usiongee. Wacha niskize kidogo."